Nikate aria au niiache? Tosca mbele ya kamera

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa filamu, nyumbani ni Malindi, na Kiitaliano nimekisikia tangu utotoni kwa kuwa mama alikuwa akifanya kazi kwa Waitaliano. Tumepewa kazi ya kuandaa mpango wa filamu kutokana na opera ya Kiitaliano, kisha kila mmoja apige dakika kumi za filamu hiyo. Nimechagua Tosca ya Puccini. Mwenzangu ananiambia opera hii ni rahisi, maana mahali inapotokea papo Roma mpaka leo, ukipiga huko umemaliza. Mimi kinachonisumbua ni kingine. Katika sehemu ya pili mtu anateswa, mpenzi wake anatishwa, halafu kila kitu kinasimama na yule mwanamke anaimba dakika tatu. Jukwaani nakubali. Kwenye skrini naona watu watainuka waende zao. Nikate? Nigeuze yawe mazungumzo ya kawaida? Na sauti inarekodiwa kabla, au siku ile ile ya kupiga picha?"

Marahaba, mwanangu. Jibu fupi ni hili: aria, yaani ule wimbo wa mtu mmoja, usiikate, maneno usiyageuze kuwa mazungumzo, na sauti uirekodi kabla. Majibu hayo matatu yana mzizi mmoja, na ukiushika huo mengi mengine utajijibu mwenyewe.

Katika filamu ya kawaida, muda hupatikana mezani kwa mhariri. Mwigizaji akichelewa kugeuka, unakata. Ukimya ukiwa mfupi mno, unachomeka shoti ya dirisha. Opera haikupi uhuru huo kwa sababu uhariri umeshafanyika. Puccini ameshaamua Tosca atakitazama kisu kwa muda gani kabla ya kukishika, na kutoka kuchomwa mpaka kukata roho Scarpia atahangaika kwa nota ngapi. Anayeingia na kamera akadhani atautawala muda huo anagombana na marehemu, na marehemu ana okestra nzima nyuma yake. Kilichobaki mikononi mwako ni jicho: mtazamaji akae wapi, aone nini, na lililo gumu kuliko yote, asione nini.

Kwa wasomaji wengine, niiseme hadithi kwa haraka. Tosca ilionyeshwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Teatro Costanzi, Roma, tarehe 14 Januari 1900. Libreto, yaani maneno ya opera, waliiandika Luigi Illica na Giuseppe Giacosa kutokana na tamthilia ya Mfaransa Victorien Sardou, aliyoitunga mwaka 1887 kwa ajili ya mwigizaji Sarah Bernhardt. Ni Juni 1800, siku chache baada ya vita vya Marengo. Mchoraji Mario Cavaradossi anamficha mfungwa wa kisiasa aliyetoroka. Mkuu wa polisi, Baron Scarpia, anamtumia mpenzi wa mchoraji huyo, mwimbaji Floria Tosca, ili amnase. Anamtesa Mario huku Tosca anasikia, kisha anaweka bei: nipe mwili wako, naye ataishi. Tosca anakubali kwa mdomo, anangoja aandikiwe hati ya kupita salama, halafu anamuua Scarpia kwa kisu cha mezani. Alfajiri, risasi alizoahidiwa kuwa ni za uongo zinakuwa za kweli, na Tosca anajirusha kutoka juu ya ngome. Adhuhuri mpaka alfajiri, basi. Hata siku moja haijatimia.

Mwenzako yuko sawa kwamba mahali papo. Kanisa la Sant'Andrea della Valle lipo, Palazzo Farnese lipo na leo ni ubalozi wa Ufaransa, Castel Sant'Angelo ipo na watalii wanapanda kila siku. Mwaka 1976 mwongozaji Gianfranco de Bosio alikwenda kupiga huko huko na Raina Kabaivanska, Plácido Domingo na Sherrill Milnes. Kwa masikio ni karamu. Kwa macho, mimi huwa naona kamera inavutwa na marumaru kuliko na watu, na hiyo ndiyo hatari ya mahali halisi: panadai kuonyeshwa. Ukiwa ndani ya kanisa lile ni vigumu kutoinua lenzi kuelekea kubani, ilhali muziki wakati huo unamzungumzia mtu mmoja mwenye wivu.

Tena mahali halisi pana tabia ya kuumbua hadithi. Puccini alikwenda Paris kuzungumza na Sardou kuhusu mwisho, na Sardou aling'ang'ania kwamba Tosca lazima afe, kisha katika kuchora mandhari akaupitisha Mto Tiber kati ya kanisa la Mtakatifu Petro na ngome. Puccini akamwambia mto huo uko upande mwingine. Sardou, kwa jinsi Puccini alivyosimulia kwenye barua yake ya Januari 1899, hakutikisika hata kidogo. Jukwaani jambo hilo halina madhara, kwani nyuma ya ukuta wa mbao kuna godoro. Ukiiweka kamera juu ya ngome yenyewe ukaiinamisha chini, mtazamaji ataona wazi kwamba anayeruka pale anaangukia kwenye maboma ya chini, wala si majini. Basi usiiinamishe. Huo ni mfano mdogo wa kuchagua asichokiona mtazamaji.

Mwaka 1992 walijaribu jambo la ajabu zaidi. Giuseppe Patroni Griffi aliongoza, Vittorio Storaro akasimamia picha, na Tosca ikarushwa moja kwa moja kwenye televisheni kutoka mahali penyewe na kwa saa zenyewe: sehemu ya kwanza adhuhuri kanisani, ya pili usiku katika jumba la Farnese, ya tatu alfajiri ngomeni. Domingo, Catherine Malfitano na Ruggero Raimondi waliimba hapo hapo, bila kurekodi kwanza. Okestra na mwongozaji wake, Zubin Mehta, walikuwa sehemu nyingine kabisa ya jiji, na waimbaji walimfuata kupitia runinga ndogo zilizofichwa na spika walizotegewa. Hebu fikiria hofu ya pale, mahali ambapo kosa halirudiwi. Ninaipenda kazi hiyo kwa ujasiri wake, na ile alfajiri ya kweli juu ya Roma haina mfano. Lakini tazama macho ya waimbaji. Mara kwa mara yanatoka kwa mwenzake na kwenda pembeni, kumtafuta aliyeshika kijiti. Kwenye ukumbi wa watu elfu mbili hakuna anayeliona hilo. Kamera inaliona.

Halafu ipo ya Benoît Jacquot, ya mwaka 2001, ambayo ningependa uitazame kabla hujaandika neno. Waimbaji ni Angela Gheorghiu, Roberto Alagna na Raimondi yule yule, na okestra inaongozwa na Antonio Pappano. Jacquot hakuhangaika na Roma. Alijenga kanisa na ofisi ndani ya studio, pembeni akaacha giza tupu, na kila baada ya muda anakata kwenda kwenye picha nyeusi na nyeupe za waimbaji hao hao wakiwa wamevaa nguo zao za kawaida mbele ya maikrofoni, wakirekodi. Anakuonyesha kiwanda. Unaona Gheorghiu akivuta pumzi mbele ya maikrofoni, kisha unaona vazi jekundu na mishumaa, na sauti haijakatika. Wapo wanaolalamika kwamba anaharibu ndoto. Mimi naona amekiri mapema jambo ambalo wengine wanalificha kwa shida, kwamba sauti na mwili vimetoka siku mbili tofauti.

Sasa tuje sehemu ya pili, iliyokunyima usingizi. Usianze na ile aria. Anza mapema zaidi, uone Puccini mwenyewe anavyotumia sauti.

Scarpia anakula chakula cha usiku peke yake. Ghorofa ya chini kuna sherehe mbele ya malkia, na muziki wake unapanda kupitia dirisha lililo wazi. Baadaye inaimbwa kantata, wimbo wa kwaya na okestra, huko chini, na ndani yake imo sauti ya Tosca. Wakati huo huo Mario analetwa kuhojiwa. Maswali ya polisi yanakwenda juu ya wimbo wa kumsifu Mungu, na sauti ya mwanamke anayependwa inaelea chumbani humo bila yeye kuwepo. Scarpia anachoka na kelele, analifunga dirisha kwa hasira, na kantata inakatika papo hapo.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Huo ni uhariri wa sauti, umeandikwa kwenye karatasi za nota kabla sinema haijawa na sauti. Mwanafunzi mwenye kamera atatamani nini hapo? Atatamani kushuka chini. Atataka kutuonyesha ukumbi, malkia, vito, Tosca akiimba. Anao uwezo, kamera haizuiwi na sakafu. Na akishuka amemaliza kila kitu, kwa sababu nguvu ya tukio lile ni kwamba Mario anamsikia na hamwoni, na sisi tumefungiwa naye. Baki chumbani. Mpige Mario usoni wakati sauti ya Tosca inapanda, kisha mkono wa Scarpia kwenye dirisha. Shoti mbili zinatosha.

Hali ni hiyo hiyo kwa mateso. Tosca anaingia, Mario anapelekwa chumba cha pili, na muda wote huo jukwaa halituonyeshi mateso hata mara moja. Tunasikia. Scarpia anafika mahali anaamuru mlango ufunguliwe ili Tosca asikie vizuri zaidi, na mlango ukishafunguliwa bado sisi hatuoni. Tumetazama filamu nyingi zenye damu, na utashawishika kumridhisha mtazamaji wa leo. Ukiionyesha ile chuma ya mateso kichwani mwa Mario, uso wa Tosca unakuwa wa ziada. Ukiificha, uso wa Tosca ndiyo chuma.

Hapo ndipo aria inapokuja, Vissi d'arte. Umesema kila kitu kinasimama. Ni kweli, na kimesimamishwa makusudi. Kwa muda mrefu kabla ya hapo muziki umekuwa ukikimbia, watu wanakatana maneno, milango inafunguka, mtu anapiga mayowe. Mwili wa msikilizaji umekaza. Puccini anaondoa kila kitu ghafla na kubakiza mwanamke mmoja anayemuuliza Mungu kwa nini anamlipa hivi. Ukiikata, kutoka hapo mpaka kisu unakuwa mwendo mmoja tu, na mauaji yataonekana kama hatua inayofuata. Uamuzi wa kuua hauimbwi mahali popote katika opera hii. Unaiva ndani ya dakika hizo tatu, wakati anaimba jambo jingine kabisa.

Kosa ninaloliona kila mara ni picha za kumbukumbu. Tosca anaimba kwamba siku zote alipeleka maua madhabahuni, na mwongozaji anatuletea maua madhabahuni. Anaimba juu ya nyota, tunapewa nyota. Huko ni kumdharau mtazamaji. Bakisha uso wake, lakini usisogee mno. Mwimbaji wa opera amefunzwa kujaza ukumbi bila maikrofoni, taya linashuka, ulimi unaonekana, shingo inasimama mishipa. Kutoka safu ya ishirini ni uzuri mtupu. Kwa lenzi iliyo mita moja ni kama umeingia kwa daktari wa meno. Kata ya kifuani, kichwa na mabega na nafasi kidogo juu, inampa heshima yake. Sogea karibu zaidi kwenye zile nota za mwisho, sauti inaposhuka na mdomo hauna haja ya kufunguka sana.

Na Scarpia je, muda wote huo? Hilo ni swali zuri kuliko la kukata. Yumo chumbani. Anasikiliza? Amechoshwa? Mimi ningemweka kwenye fremu hiyo hiyo, nyuma, lenzi haijamlenga, kivuli tu kinachongoja bila kusogea. Tukijua yupo, wimbo haujasimamisha hadithi hata kidogo.

Wapo walioondoka kwenye mdomo kabisa. Jean-Pierre Ponnelle, alipopiga Le nozze di Figaro ya Mozart mwaka 1976, baadhi ya nyimbo aliziacha zisikike huku midomo ya waimbaji imefumba, kama mawazo yanayopita kichwani. Kwa mtu anayewaza peke yake inafaa sana. Kwa Vissi d'arte sina hakika ningethubutu, kwa sababu pale Tosca hawazi, analalamika, na malalamiko yanahitaji koo. Lakini jaribu kwenye mazoezi uone.

Baada ya aria, mwanangu, ndipo hazina yako ilipo. Scarpia amekwisha kufa. Libreto inaandika karibu shughuli tupu, na okestra inacheza peke yake. Tosca analowesha kitambaa kwa maji ya mezani na kuosha vidole. Anatengeneza nywele mbele ya kioo. Anaikumbuka ile hati, anaitafuta juu ya meza ya kuandikia, haioni. Anageuka, anaiona imebanwa kwenye ngumi ya maiti. Anainama, anaifungua ile ngumi, anaichukua. Anasema sentensi moja kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kwamba mbele ya huyu Roma nzima ilitetemeka. Anataka kutoka, anasita, anarudi. Anawasha mishumaa miwili, anaweka mmoja kila upande wa kichwa cha maiti. Anauona msalaba ukutani, anautungua, anapiga magoti, anaulaza juu ya kifua. Ngoma ya askari inasikika kwa mbali. Anatoka na kufunga mlango.

Hiyo ni filamu bubu, imeandikwa shoti kwa shoti mwaka 1900. Ukiulizwa upige dakika kumi gani, ni hizi: kutoka hati inapotiwa muhuri mpaka mlango unapofungwa. Huhitaji kwaya, huhitaji kanisa, huhitaji Roma. Unahitaji meza, kioo, mishumaa, msalaba, watu wawili na subira. Na zingatia hili: kila tendo katika orodha ile lina nota zake, kwa hiyo mwigizaji wako akiwahi kuifungua ngumi, muziki utamsuta mbele ya watu. Mazoezi yote yafanyike huku muziki unalia, mpaka mikono yake iujue kama mguu unavyozijua ngazi za nyumbani.

Kuhusu sauti. Njia iliyozoeleka ni pleibeki: unarekodi kwanza, kisha siku ya kupiga picha spika inapiga rekodi na mwimbaji anaifuatisha. Wapiga video za Bongo Fleva wanaijua fika. Tofauti ni kwamba kwenye video ya muziki hakuna anayejali koo la msanii, na kwenye opera koo ndiyo uigizaji. Kwa hiyo sharti la kwanza: siku ya picha mwimbaji aimbe kweli, kwa sauti yake, japo kwa wepesi kidogo kuliko ukumbini. Akichezesha midomo tu, mbavu hazitanuki, mishipa ya shingo imelala, na mtazamaji asiyejua hata nota moja atahisi kuna uongo mahali. Sharti la pili ni pumzi. Mafundi wa studio wana tabia ya kusafisha pumzi zote kwenye rekodi ili iwe nyororo. Wakataze. Ile pumzi kabla ya mstari ndiyo ishara ya mwigizaji wako kuanza na ndiyo inayoushona mdomo na sauti.

Sharti la tatu ni umbali. Rekodi ya studio inamweka mwimbaji karibu na sikio muda wote. Sasa Tosca akitembea mpaka mwisho wa chumba na sauti yake ikabaki pale pale sikioni, picha na sauti zimeachana. Unaporekodi, weka maikrofoni mbili za ziada mbali na mwimbaji, ili baadaye uwe na mwangwi wa chumba wa kuchanganya. Kule kwenye kantata na mateso ndiko utakakojua umuhimu wake.

Pleibeki pia imezaa mambo ya ajabu ya kuazimana sauti. Katika Aida ya mwaka 1953, iliyoongozwa na Clemente Fracassi, unayemwona ni Sophia Loren, unayemsikia ni Renata Tebaldi. Kwenye La bohème ya Luigi Comencini, ya mwaka 1988, José Carreras alikuwa ameshaingiza sauti ya Rodolfo akaugua leukemia, saratani ya damu, na aliyesimama mbele ya kamera badala yake ni Luca Canonici. Sikushauri, ila ukipata mwimbaji mzuri anayeogopa kamera, ujue una pa kukimbilia.

Kukata kwenyewe kuna historia yake. Franco Zeffirelli alikuwa fundi wa opera kwenye skrini kuliko wengi, na utangulizi wa La traviata yake ya 1982, ambapo Violetta mgonjwa yumo ndani ya nyumba yake ambayo vitu vinahamishwa, ni darasa la namna ya kuutumia muziki usio na maneno. Lakini kwenye Otello ya Verdi, aliyoitoa mwaka 1986, aliuondoa wimbo wa Desdemona wa mti wa mwerebi, ule anaouimba usiku wa kufa kwake. Mantiki yake naielewa, filamu ilikuwa inakimbilia kwenye kifo. Matokeo yake, kifo kikifika kinamkuta mwanamke ambaye hatujakaa naye peke yake vya kutosha. Naiweka kesi hiyo mbele yako kila utakaposhika mkasi.

Na kama moyo wako kweli hautaki nyimbo, basi ondoa zote, usiondoe nusu. Tosca ya mwaka 1941, aliyoianza Jean Renoir na kumaliziwa na Carl Koch baada ya Renoir kuondoka Italia kwa sababu ya vita, ni hadithi ya mazungumzo, na muziki wa Puccini umewekwa nyuma. Carmine Gallone alipata njia ya tatu mwaka 1946, na kwa maoni yangu ndiyo werevu wa hali ya juu. Anna Magnani anaigiza mwimbaji wa opera katika Roma iliyokaliwa na Wajerumani, amemficha mwanajeshi, na Tosca ndiyo inayoimbwa jukwaani. Filamu hiyo ilipewa jina kutokana na sentensi ile ile anayoisema Tosca juu ya maiti. Waroma wa 1946 hawakuhitaji kuelezwa Scarpia ni nani.

Hujaniuliza kuhusu lugha, ila najua litakuja. Nchini Afrika Kusini, Mark Dornford-May aliigeuza La bohème ya Puccini kuwa Breathe Umphefumlo mwaka 2015, inaimbwa Kixhosa, na kifua kikuu kinachomuua Mimì kimewekwa mahali ambapo bado kinaua watu. Miaka kumi kabla yake alikuwa ameshaifanya Carmen kwa Kixhosa ikapata Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin. Kiswahili nacho kinaingia vizuri kooni, maneno yetu yanaishia kwa irabu kama ya Kiitaliano, na mkazo mara nyingi unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ila kwa dakika kumi ulizochagua, zilizo na maneno machache hivyo, acha Kiitaliano na uweke tafsiri chini. Mistari inayorudiwa itafsiri mara moja tu. Wakati mishumaa inawashwa, skrini isiwe na hata herufi.

Mwisho, mambo ya haki. Puccini alifariki Novemba 1924, Giacosa mwaka 1906, Illica mwaka 1919. Nota na maneno yao ni huru kwa Kenya na kwa Italia. Rekodi siyo huru. Ile uliyoipakua ya okestra kubwa na mwimbaji maarufu ina wenyewe, na filamu yako ikipata bahati ya kualikwa kwenye tamasha, watakutafuta. Mtafute mpiga piano mmoja hodari na waimbaji wawili, warekodi kwa ile nota ya piano ambayo waimbaji wote hujifunzia. Piano tupu chini ya tukio lile la mishumaa ina ubaridi ambao okestra haina, utashangaa.

Rekodi ikishapatikana, kaa nayo na saa ya kuhesabia. Kunja karatasi safu mbili: kushoto sekunde na kinachosikika, kulia anachofanya mtu. Safu ya shoti usiiandike bado. Ukijaza kutoka muhuri mpaka mlango, nitumie karatasi hiyo kabla hujakodi kamera, na pale kwenye ngumi ya Scarpia uniandikie ni kidole gani kinafunguliwa kwanza.